Gari limezimika njiani? Usikimbilie kufungua boneti

Picha hii wengi mnaijua. Gari limesimama nusu ndani ya lami, nusu nje. Boneti iko juu, mvuke unatoka, dereva kainama kwenye injini. Nyuma ya gari wamesimama abiria: mmoja anaongea na simu, mwingine kampakata mtoto. Malori yanapita yakipiga honi.

Nilishawahi kuwa mmoja wa abiria hao. Tulikuwa tunapandisha Kitonga na Noah ya mjomba, tunawahi mazishi Iringa, gari likachemsha karibu na kona. Wote sita tukashuka, tukaenda kujipanga nyuma ya gari. Lori moja likapunguza mwendo, utingo akachungulia dirishani: "Nyie mnasubiri mgongwe? Tokeni hapo!"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Sote tulikuwa tunatazama rejeta.

Ndiyo maana makala hii inaanza na watu. Gari litafuata.

Dakika tano za kwanza

Gari likianza kukosa nguvu, usingoje lizime kabisa. Washa hazadi (indiketa zote nne), toa mguu kwenye mafuta, na utumie mwendo uliobaki kulitoa nje ya lami upande wa kushoto. Kama tairi limepasuka na uko kwenye kona, tambaa nalo taratibu mpaka sehemu iliyonyooka. Utaharibu rimu, sawa. Rimu inanunulika.

Kuna jambo ambalo madereva wengi wapya hawalijui: injini ikizima gari likiwa bado linatembea, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu. Breki haijafa, ila imepoteza msaada wa injini. Kanyaga kwa nguvu na ushikilie, usiwe unaachia na kukanyaga tena, maana msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara chache tu. Na usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama. Usukani unaweza kujifunga.

Likishasimama, vuta hendibreki. Abiria washuke kwa milango ya kushoto, wasogee mbali na lami. Wasisimame nyuma ya gari, wala mbele yake, kwa sababu likigongwa kwa nyuma litasukumwa kwenda mbele. Wakae pembeni, juu ya tuta kama lipo. Watoto washikwe mkono. Kukaa ndani ya gari kwa sababu nje kuna jua ni kosa tunalolifanya sana.

Halafu pembetatu ya kuakisi mwanga, ile tunayoiita traiango. Wengi wanayo kwa sababu ya trafiki, lakini wakiharibikiwa wanaiweka hatua kumi nyuma ya gari. Piga hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linatembea kama mita 22 kila sekunde. Hatua kumi zinampa dereva anayekuja chini ya nusu sekunde. Hapo hata mguu haujafika kwenye breki.

Kwenye barabara kuu tembea hatua ndefu 100 hivi, ukiwa nje ya lami, ukiwaangalia wanaokuja, traiango umeishika mbele yako. Kama umesimama baada ya kona au kilele cha mlima, iweke kabla ya kona hiyo, siyo ndani yake. Barabara ikiwa nyembamba, ya magari kupishana, weka nyingine upande wa mbele. Usiku vaa kizibao cha kuakisi mwanga, kama vile vya bodaboda. Ni kitu cha bei ndogo na kinakunjika ndani ya dashibodi.

Matawi na mawe

Huna traiango? Utafanya kama wanavyofanya madereva wa malori: utakata matawi na kuyalaza kwenye lami. Mchana yanasaidia, kila dereva Mtanzania anajua maana yake. Usiku majani hayaakisi mwanga wowote, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Kinachonikera ni mawe. Lori likiharibika mlimani wanaweka mawe makubwa nyuma ya matairi lisirudi, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Kisha gari linatengemaa, watu wanapanda, wanaondoka. Mawe yanabaki katikati ya njia. Anayekuja saa mbili usiku na pikipiki hatayaona mpaka ayafikie. Kama umeweka jiwe, liondoe. Hata kama una haraka, hata kama ni la mwenzako.

Ukiharibikiwa Mikumi

Ushauri wa kushuka haraka una mahali ambapo haufai. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na tembo na simba hawajui kama wewe ni msafiri tu. Hapo toa gari pembeni, washa hazadi, funga vioo na ukae ndani. Simamisha gari linalopita kwa ishara ya mkono ukiwa dirishani, omba wafikishe taarifa kwa askari wa hifadhi walio mbele. Kubadilisha tairi ndani ya hifadhi, jioni, peke yako, acha.

Kwa dharura za kawaida namba ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kabla ya kupiga, jua uko wapi. "Niko njia ya Iringa" haimsaidii mtu. Angalia nguzo ya kilomita iliyo karibu, jina la kijiji ulichopita mwisho, au tuma lokesheni kwa WhatsApp mtandao ukiwa bado upo.

Gari kuchemsha: hapa ndipo pesa nyingi zinapotea

Sasa boneti.

Kuchemsha kunaua injini nyingi kwa sababu dereva anataka "afike tu pale mbele". Silinda hedi ya aluminiamu ikizidi joto inapinda, gasketi inaungua, maji yanachanganyika na oili. Kazi ambayo ingeisha kwa klipu ya mpira inageuka kuwa kufungua injini nzima.

Mshale wa temperecha ukianza kupanda kupita kawaida yake, zima AC na uwashe hita yote, feni ya juu kabisa. Ndiyo, hita, hata kama ni saa saba mchana na mko Ruaha Mbuyuni. Hita inachukua joto kutoka kwenye maji ya injini, ni kama rejeta ndogo ya pili. Mtatoka jasho, lakini mnaweza kupata dakika za kufikia sehemu salama. Mshale ukigusa nyekundu, au ukiona mvuke, simama na uzime. Hakuna "pale mbele" tena.

Angalizo: magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale huo kabisa. Yana taa mbili tu. Ya bluu inawaka asubuhi injini ikiwa ya baridi, nyekundu inawaka joto likishazidi. Kwa gari la namna hiyo nyekundu siyo onyo la mapema, kwa hiyo simama papo hapo.

Kisha subiri. Angalau nusu saa, na zaidi kama unaweza. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa na moto. Ndani ya rejeta maji yamebanwa kwa presha, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko presha inatoka ghafla, maji yote yanachemka kwa mara moja na kuruka juu. Yanakwenda usoni na kifuani. Kitambaa ulichoshika hakitakuokoa.

Utajuaje imepoa? Minya mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu kama mpira uliojazwa upepo, presha ipo. Ukilainika, fungua mfuniko kidogo kidogo. Maji yamiminwe taratibu. Kumwaga maji ya baridi kwa kasi kwenye injini yenye moto kunaweza kupasua chuma, na ndivyo wengi wanavyomalizia kazi ambayo joto liliianza.

Wakati unasubiri, tafuta sababu kwa macho. Kuna maji yanadondoka chini? Mpira umechanika, klipu imelegea? Mkanda upo? Kwenye magari mengi mkanda mmoja unazungusha wota pampu na oteneta pamoja, kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na temperecha ikipanda kwa wakati mmoja, kwanza kabisa angalia kama mkanda haujakatika. Kama ndivyo, usiendelee hata kilomita mbili.

Lakini kwa nini limechemsha? Mara nyingi jibu liko nyumbani, siyo mlimani. Tunajaza rejeta maji ya bomba, na kwa wakazi wengi wa Dar ni maji ya kisima yenye chumvi. Yanatengeneza kutu na magamba, vijia vya rejeta vinaziba taratibu, na kwa safari za Mbagala na Kariakoo huoni kitu. Unakuja kuona siku unapandisha Kitonga na watu saba na mizigo. Kulanti siyo maji ya rangi, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Inazuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu yanazidi kuchemka mapema kadiri unavyopanda juu: Dar ni nyuzi 100, Iringa mjini, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nyuzi 95.

Na kuna hili la themostati. Fundi akikwambia "hii tunatoa, nchi yetu ina joto," muulize mara mbili. Themostati inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa ya baridi muda mrefu, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Kwenye baadhi ya injini kuitoa kunaharibu mzunguko wa maji, gari linachemsha zaidi ya mwanzo. Kama imekufa, nunua nyingine.

Mvuke au moshi?

Usichanganye. Mvuke wa rejeta ni mweupe na, kama kuna kulanti, una harufu tamu tamu. Moshi wa plastiki au waya unaoungua unachoma pua. Ukihisi moto chini ya boneti, usiifungue yote kwa mkupuo, maana unaupa hewa. Zima gari, watu watoke na waende mbali, kisha kama una mtungi na moto ni mdogo, inua boneti kidogo na upulizie kwenye upenyo. Moto ukiwa mkubwa, achana na gari.

Harufu ya petroli nayo siyo ya kuvumilia "mpaka tufike". Na ukikuta lori la mafuta limepinduka, pita mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka wakati watu wakichota.

Taa za dashibodi kwa ufupi

Nyekundu: simama. Njano: endelea kwa utulivu, nenda kwa fundi. Taa ya njano ya injini ikianza kupepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Ya kuogopa kuliko zote ni nyekundu yenye alama ya birika, ya presha ya oili. Dakika chache za kuendesha bila oili zinatosha kuua injini. Zima kwanza, ndiyo upime.

Pancha

Tairi likipasuka kwenye mwendo, usikanyage breki kwa hofu. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lipungue lenyewe.

Kubadilisha: sehemu tambarare, ardhi ngumu, hendibreki, jiwe kwenye tairi la upande mwingine. Legeza nati kabla hujainua gari, siyo baada. Jeki iwekwe pale ilipopangwa, kwenye ukingo wa chuma ulioimarishwa nyuma ya tairi la mbele au mbele ya tairi la nyuma. Kabla hujaingiza mkono, sukuma spea tairi chini ya gari. Jeki ikiteleza, gari litalala juu ya tairi, siyo juu yako. Nati kaza kwa kuvuka, moja na iliyo mkabala wake, kisha usimame mbele ya safari uzikaze tena.

Zile spea nyembamba za magari madogo zimeandikwa ubavuni kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Nyingi zinatakiwa upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Pale kwa mjaza upepo wanaziwekea 30 kwa mazoea, kisha watu wanashangaa inachuchumaa. Tena magari mengi mapya yanayoingia kutoka Japani hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa na kipampu kidogo. Nenda kafungue buti yako leo uone una nini. Kama rimu zako zina nati ya kufuli, tafuta na ufunguo wake.

Ukiwa hapo chini soma ubavu wa tairi. Kuna namba nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na umri wa miaka kumi. Raba inazeeka hata ikikaa stoo.

Betri na kuvutwa

Gari likilia "tk tk tk" na halistati, anza na vichwa vya betri. Mara nyingi vimelegea au vimeota ungaunga mweupe. Kubusti: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu cheche karibu na betri inaweza kulipua gesi yake.

Kusukuma kunawasha gari la manyuo tu. La otomatiki mtasukuma mpaka Chalinze.

Otomatiki pia halivutwi ovyo kwa kamba. Likivutwa umbali mrefu huku matairi yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, gia boksi inazunguka bila kulainishwa na inaungua. Ita brekidauni ya kulibeba, hasa kama gari linavuta matairi yote manne. Ukiwa na bima kubwa, soma mkataba wako, baadhi zinagharamia kuvutwa. Bei mkubaliane kabla ndoano haijafungwa.

Hivyo hivyo kwa fundi anayejitokeza porini. Wengi ni wasaidizi wa kweli. Lakini muombe akuonyeshe kilichoharibika, kaa pale anapofanya kazi, na kifaa cha zamani ubaki nacho.

Jumamosi kabla ya kuosha gari

Dakika kumi zinatosha. Injini ikiwa ya baridi: vuta kijiti cha oili uone iko kati ya alama mbili, angalia kiwango cha kulanti na cha mafuta ya breki, bonyeza mkanda uone kama una nyufa, pima upepo wa matairi yote matano. Ndiyo, na spea. Angalia chini pale gari lilipolala kama kuna doa jipya.

Kama safari ina miteremko, fikiria na breki. Kushuka Kitonga au Sekenke kwa kukanyaga breki njia nzima kunazichemsha mpaka pedeli inazama bila gari kupungua. Weka gia ndogo mwanzoni mwa mteremko, na kwenye otomatiki tumia L, 2 au S kama ipo. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta pa kusimama zipoe. Usizimwagie maji.

Noah ya mjomba, kama unajiuliza, ilikuwa na klipu ya mpira wa chini wa rejeta iliyoliwa na kutu. Maji yalikuwa yanavuja tangu Morogoro. Fundi wa Ilula aliibadilisha kwa muda mfupi kuliko tuliokaa tukisubiri ipoe. Mazishi tulifika watu wameshatoka makaburini.